PASTA ALIYEPIMA MAJI YA MITI



Kila mtu wa Hombo aliyetembea porini anajua kwamba miti ina maji ndani. Mwindaji akishikwa na kiu mbali na mto, anakata kamba kubwa ya pori, anainamisha kipande chake, maji yanatoka, anakunywa. Na parasolie je? Ule mti unaoota upesi katika mashamba yaliyoachwa, wenye majani kama mwavuli na mizizi inayosimama kama miguu. Kata mzizi wake mmoja jioni, tega chombo chini yake, asubuhi utakuta maji. Mambo hayo tumeyaona tangu utoto, na kwa kuwa tumeyaona sana, hatukuuliza kitu. Nani anayapandisha maji hayo? Mti hauna moyo wa kupiga, hauna pompi. Lakini tone la maji lililo ndani ya udongo litafika kwenye jani lililo mita 40 juu, bila kelele hata kidogo.

Klasini tunachora shina katika daftari: mishipa ya kupandisha maji, mishipa ya kushusha chakula, na majina ya Kifaransa ya kukariri kwa mtihani wa Serikali. Tulitaka kujua nani alitangulia kuuliza swali hili sawasawa, tena kwa mizani mkononi. Tulifikiri tutakuta daktari au profesa mkubwa. Kumbe alikuwa pasta wa parokia ya kijijini, na vyombo vyake vilikuwa chungu, mizani, kibofu cha mnyama na mirija ya kioo. Jina lake Stephen Hales.

Alizaliwa mwaka 1677 huko Bekesbourne, katika jimbo la Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza. Mwaka 1696 aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge ili asomee kazi ya Mungu. Newton alikuwa ameondoka Cambridge mwaka ule ule, lakini mafundisho yake yalibaki: ya kwamba Mungu aliumba vitu vyote kwa hesabu, kwa uzito na kwa kipimo, basi anayetaka kuvifahamu naye apime. Hales alilishika neno hilo maisha yake yote. Huko Cambridge alipata rafiki aliyekuwa kijana kuliko yeye, William Stukeley, mwanafunzi wa udaktari. Wawili hao walizunguka vilimani wakitafuta mimea, wakapasua vyura na wanyama wengine, wakatengeneza hata mashine ya shaba ya kuonyesha jinsi sayari zinavyozunguka jua. Mambo mengi kwa mwanafunzi wa theolojia! Lakini hatusomi mahali popote kwamba alipotewa na imani yake kwa sababu hiyo.

Mwaka 1709 alipewa parokia ya Teddington, kijiji kando ya mto Thames, si mbali na London. Akakaa hapo mpaka kufa kwake, miaka zaidi ya 50. Ni hapo hapo, katika bustani ya nyumba ya pasta, kati ya ibada na maziko na kutembelea wagonjwa, alipofanya kazi iliyomfanya ajulikane duniani.

Kwanza tuseme juu ya damu, maana maji ya miti aliyafikia kwa njia ya damu. Mwaka 1628 daktari Mwingereza William Harvey alikuwa ameonyesha kwamba damu inazunguka mwilini, inatoka moyoni na kurudi moyoni. Lakini inasukumwa kwa nguvu gani? Hakuna aliyekuwa amepima. Hales alimlaza farasi jike aliyekuwa mgonjwa, akamfunga, akafungua mshipa mkubwa wa paja, akaingiza mrija wa shaba na juu yake mrija mrefu wa kioo. Damu ikapanda ndani ya kioo, ikafika karibu mita 2 na nusu juu ya usawa wa moyo. Huo ndio mwanzo wa kupima presha ya damu, ile ile ambayo muuguzi anaipima hospitalini kwa kufunga mkono kwa kitambaa.

Farasi akafa. Mbwa wengi pia wakafa. Mshairi Alexander Pope, aliyekaa Twickenham karibu naye, alimpenda Hales kama mtu, lakini kazi ile ya kupasua mbwa aliichukia, na hakuficha. Sisi tulipokuwa tukiandika habari hii tulibishana sana, na hatukupatana. Wengine walisema bila farasi yule wagonjwa wengi wasingetibiwa. Wengine walisema mnyama hakuulizwa. Hales mwenyewe alichoka na kazi ile, akaiacha kwa miaka, akarudi bustanini.

Alitamani kupima nguvu ya utomvu wa mimea kama alivyopima nguvu ya damu, lakini hakuona njia. Njia ilimjia bila kuitafuta, karibu na mwaka 1720. Alikuwa na mzabibu mzee uliokatwa kwa kuchelewa, wakati utomvu ulipokwisha kuanza kupanda. Mzabibu tunaujua sana kwa Biblia, ila hapa Hombo hatuupandi, kwa hiyo tueleze: ukikatwa mwisho wa majira ya baridi, kabla ya majani kutoka, kisiki chake kinalia maji siku nyingi. Hales aliogopa mti utakufa. Alijaribu njia nyingi za kuziba kidonda, zikashindikana. Mwisho akafunga kipande cha kibofu cha mnyama juu ya kisiki, akakaza kamba. Alipotazama tena, kibofu kilikuwa kimevimba. Maji yalikuwa yakisukuma kutoka chini.

Mtu mwingine angekaza kamba zaidi na kwenda zake. Hales alitoa kibofu, akafunga mrija wa kioo, na juu ya mrija akaunga mrija mwingine, na mwingine tena, mpaka akahitaji ngazi. Utomvu ulipanda ndani ya kioo zaidi ya mita 6. Halafu akatumia mrija uliopindwa wenye zebaki ndani, akaona kwamba nguvu ya kisiki kimoja ingeweza kuinua maji mpaka mita 13 hivi. Akalinganisha na farasi wake: mzabibu ulisukuma kwa nguvu karibu mara 5 ya damu katika mshipa wa paja la farasi! Na ile haikuwa na moyo. Ilikuwa mizizi tu. Maji ya parasolie yetu yanayojaza chombo usiku yanasukumwa kwa namna hiyo hiyo.

Je, jibu limepatikana? Hales hakukubali upesi hivyo. Aliona kwamba mzabibu ukishatoa majani, kulia kunakoma. Kama mizizi njo inafanya kazi yote, kwa nini mti wenye majani ukikatwa tawi mchana haumwagi maji? Lazima kuna nguvu nyingine, nayo iko juu.

Basi tarehe 3 Julai 1724 alianza kazi ambayo, kwa maoni yetu, inapita ile ya farasi. Alichukua alizeti moja iliyopandwa ndani ya chungu, urefu wake ukipita mita moja kidogo. Akafunika udongo wote kwa bamba la risasi, akaziba kila mwanya, akaacha tundu dogo la kumwagilia lenye kizibo. Namna hiyo maji hayakuweza kutoka juu ya udongo; yangetoka kwa mmea tu. Halafu akapima chungu kwa mizani asubuhi na jioni, siku 15 mbalimbali, mpaka tarehe 8 Agosti. Kila siku chungu kilipungua. Kwa wastani, katika saa 12 za mchana, alizeti ilitoa gramu 570 hivi za maji, yaani zaidi ya nusu lita, na siku ya jua kali na ukavu ilifika gramu 850. Usiku ilitoa kidogo tu, na usiku wenye umande mwingi iliongezeka uzito.

Angalieni uangalifu wake. Chungu cha udongo nacho kinapenyeza maji kidogo. Alipomaliza, alikata alizeti, akaziba kisiki, akapima chungu peke yake, na kile kilichopotea kwa chungu akakiondoa katika hesabu. Kisha akachuma majani yote, akayapanga kwa ukubwa, akapima eneo lake kwa wavu wa nyuzi wenye vyumba vidogo vidogo. Majani yalikuwa na eneo la mita za mraba 3 na nusu na zaidi, mizizi karibu moja na nusu, na shina lililokatwa lilikuwa na upana wa sentimita za mraba 6 na nusu tu. Maji yote yalipita katika mlango ule mwembamba. Akahesabu pia kwamba, ukilinganisha ukubwa kwa ukubwa, alizeti inatoa jasho mara 17 kuliko mtu.

Halafu akachukua matawi ya mtofaa, akayasimamisha ndani ya maji, mengine na majani yake, mengine yamenyonyolewa. Tawi lenye majani lilikunywa kati ya gramu 425 na 850 kwa mchana mmoja. Lisilo na majani lilikunywa gramu 28 hivi. Hapo jambo likawa wazi. Jani linatoa mvuke hewani, na kwa kutoa mvuke linavuta maji yaliyo nyuma yake, toka jani mpaka shina, toka shina mpaka mzizi. Mizizi inasukuma, lakini mchana majani ndiyo yanavuta. Miaka 170 ilipita kabla ya Dixon na Joly, wa Dublin, kueleza mwaka 1894 jinsi uzi wa maji ndani ya mishipa ya mti unavyoweza kuvutwa kwenda juu sana bila kukatika, kwa sababu chembe za maji zinashikana zenyewe kwa zenyewe. Hata mishipa hiyo ni ya seli zilizokufa. Imebaki kama tiyo tupu. Jua ndilo linalofanya kazi, mti unalipatia njia.

Sasa tufike kwenye jambo gumu. Siku zile wataalamu wengi waliamini kwamba utomvu unazunguka kama damu: unapanda kwa njia moja, unashuka kwa nyingine, unapanda tena. Wazo lilikuwa zuri, lilifuata Harvey, na Hales, mtu wa damu, angefurahi kulikuta kweli. Akalijaribu. Alikata matawi pande mbili, akaona maji yanapita kando ya kidonda. Aligeuza tawi, ncha ikawa chini, likanywa maji vilevile. Alihesabu kiasi cha maji yanayotoka kwa majani, akaona ni mengi mno. Hakubaki na kitu cha kuzungusha. Basi akaandika kwamba utomvu hauzunguki kama damu. Wazo lililopendwa aliliacha, kwa kuwa vipimo vyake vililikataa.

Lakini hapo hapo kuna kitu kilimponyoka, na kwetu watu wa Kivu si kitu kidogo. Kabla yake, Mwitalia Marcello Malpighi alikuwa ametoa ganda la mti kwa kuzunguka kama pete, akaona sehemu iliyo juu ya pete inavimba. Leo tunajua sababu. Maji na chumvi za udongo vinapanda ndani ya mbao, lakini sukari inayotengenezwa na majani inasafiri katika upande wa ndani wa ganda, kwenda kulisha mizizi. Ukikata ganda kuzunguka shina lote, majani hayanyauki kesho, maana maji bado yanapanda. Mti unaonekana mzima. Ni mizizi inayolala njaa, polepole, na mti unakufa baadaye, wakati mwenye kisu amekwisha kusahau. Kila mtu anayeshughulika na kinkina hapa Kivu, ambayo dawa yake imo ndani ya ganda, anapaswa kulijua hilo. Na mkulima anayetaka kuua mti mkubwa shambani bila shoka analijua tangu zamani. Hales alikuwa na mizani, na mizani ilimwonyesha maji, kwa kuwa maji ni mazito na yanakwenda mbio. Sukari inayoshuka ni kidogo na inakwenda taratibu. Hakuiona.

Juu ya kukua kwa shina, hapo tena alifanya jambo ambalo sisi wenyewe tunaweza kulirudia bila labo. Alipigilia sindano 5 kwenye kijiti, moja mbali na nyingine robo ya inchi, akachovya ncha zake katika rangi nyekundu, akatia alama kwenye chipukizi changa la mzabibu. Baada ya chipukizi kukua, akapima tena. Alama zilizokuwa sehemu changa zilikuwa zimeachana mbali. Zile za sehemu iliyokwisha komaa zilibaki pale pale. Kumbe shina halirefuki kila mahali kama mpira unaovutwa. Linarefuka kwenye sehemu changa tu. Alijaribu hata kwa mfupa wa mguu wa kifaranga: alitoboa matundu mawili, akangoja miezi miwili, mfupa ukarefuka lakini matundu hayakuachana. Ndiyo sababu jina ambalo mtu alilichonga kwa kisu kwenye shina, kwenye usawa wa kifua, litabaki kwenye usawa wa kifua hata mti ukipita paa la kanisa. Jina litapanuka tu, kwa maana shina linanenepa kwa utando mwembamba ulio kati ya mbao na ganda. Mgomba hauna utando huo. Lile tunaloliita shina la mgomba ni magamba ya majani yaliyofungana, na shina lake la kweli liko chini ya udongo mpaka siku ya kutoa mkungu.

Mambo hayo yote Hales aliyachapisha mwaka 1727. Mwaka 1735 Buffon, ambaye baadaye alikuwa mtaalamu mkubwa wa Ufaransa, alikitafsiri kitabu kwa Kifaransa. Habari za farasi zilifuata kwa Kiingereza mwaka 1733. Alikuwa mwanachama wa Chama cha Kifalme cha Sayansi cha London tangu 1718, na mwaka 1739 kilimpa medali ya Copley. Katika kitabu kile cha mimea alionyesha pia namna ya kukusanya hewa zinazotoka katika vitu, kwa kuzipitisha ndani ya maji. Priestley na Lavoisier walitumia njia hiyo baadaye. Akasema inaonekana mimea inapata sehemu ya chakula chake hewani, kwa majani. Alisema kweli, miaka 50 kabla ya wengine kuthibitisha.

Nyumbani mwake hakubahatika. Alioa mwaka 1720, mke wake Mary akafa mwaka uliofuata. Hakuacha mtoto, na Hales hakuoa tena. Tukihesabu, tunaona kwamba alizeti ile ya 1724 ilipimwa na mjane wa miaka michache.

Katika uzee aliacha mimea, akashughulika na watu waliokufa kwa kukosa hewa: mabaharia ndani ya meli na wafungwa magerezani. Alitengeneza mifuo mikubwa ya kuingiza hewa safi. Mwaka 1752 mojawapo, iliyozungushwa na upepo, iliwekwa katika gereza la Newgate huko London, ambako homa iliua wengi. Aliandika kijitabu cha kuwaonya wanywaji wa pombe kali. Kijijini alisaidia watu wapate maji safi mwaka 1754, na katika daftari la parokia, pale pasta wengine wanapoandika ubatizo na ndoa, yeye aliandika chombo cha ujazo fulani kinajaa kwa mibembeo mingapi ya timazi ya saa. Tulicheka tuliposoma hivyo. Hakuweza kujizuia.

Alikufa tarehe 4 Januari 1761 akiwa na umri wa miaka 83. Mamake mfalme, Augusta, aliyempenda, aliweka kumbukumbu yake katika kanisa la Westminster, mahali pa wakubwa. Lakini mwili wake haupo huko. Ulizikwa Teddington, chini ya mnara wa kanisa lake la kijijini, mnara ambao alikuwa ameujenga upya kwa fedha zake mwenyewe.